Kupasua jiwe kwa umeme ndani ya kompyuta: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Naishi Ngamiani. Mchana nina kazi nyingine kabisa; usiku hukaa mbele ya kompyuta nikipasua mawe yasiyokuwepo kwa umeme wa kuigiza, wa hesabu tu. Habari hiyo ilipofika barazani, maswali hayakuisha: ya wachimbaji wadogo wanaoshuka kutoka Handeni, ya wanafunzi, ya jirani anayetaka kujua kwa nini taa yangu haizimwi. Nimeandika hapa yale yanayorudi kila mara. Majibu mengine ni marefu kwa sababu maswali yenyewe ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Umeme unapasuaje jiwe?

Umewahi kuona mnazi uliopigwa na radi? Radi haiupigi kwa nje kama shoka. Inapita ndani, maji ya kwenye shina yanageuka mvuke kufumba na kufumbua, mvuke unakosa pa kutokea, na mnazi unachanika kuanzia ndani.

Kwa jiwe mambo ni karibu na hayo. Unalizamisha majini kati ya elektrodi mbili, yaani ncha za chuma za kupitishia umeme, moja juu na moja chini, zikiachana kwa sentimita moja hadi nne. Unaachia mpigo mmoja wa umeme wenye msongo wa kilovoti 90 hadi 200. Umeme unajitobolea njia ndani ya jiwe, njia nyembamba kama unywele, na chochote kilichokuwa humo kinageuka plazma, yaani gesi iliyochanganyikiwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Plazma inataka kutanuka, jiwe linaibana, na shinikizo humo ndani linafika gigapaskali, kipimo ambacho moja yake ni megapaskali 1,000.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi yeyote wa zege analijua. Jiwe ni gumu ukiligandamiza, lakini ni dhaifu ukilivuta. Granaiti inastahimili mgandamizo wa megapaskali 100 na zaidi. Ivute, itaachia kwenye megapaskali 10 hivi. Karasha inapigana na jiwe pale lilipo imara. Mpigo wa umeme unalivuta kutokea ndani, pale lilipo dhaifu.

Mbona liko majini? Umeme si utapita kwenye maji uliache jiwe?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende kazi hii.

Ukipandisha umeme polepole, ni kweli kabisa: utapita majini. Maji huachia mapema, jiwe kavu gumu linabaki linatazama. Lakini maji yana uvivu fulani. Ili yaachie njia, yanahitaji muda wa kujiandaa. Ukiupandisha msongo ndani ya chini ya nanosekunde 500, yaani nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, maji yanakuwa hayajawahi kujiandaa, na kwa kipindi hicho kifupi yanageuka kuwa kihami, yaani kizuizi cha umeme, bora kuliko jiwe. Umeme unaona jiwe ndiyo njia rahisi. Unaingia.

Kwa hiyo anayekwambia siri ni kilovoti nyingi, amekupa nusu ya habari. Siri ni haraka. Njia ya umeme inayotoka Hale kuja Tanga mjini ina kilovoti 132, imo ndani ya kiwango hichohicho, lakini msongo wake unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Kwa kipimo chetu hiyo ni safari ya kobe.

Kuna na jambo la pili. Kila kitu kina namba inayoonyesha kinavyoupokea uga wa umeme, yaani ule msukumo wa umeme uliopo kila mahali kati ya elektrodi. Kitaalamu huitwa pemitiviti. Maji ni 80 hivi; kwatzi, madini yaliyojaa kwenye granaiti, ni 4.5. Vitu viwili vikipangwa kimoja juu ya kingine katikati ya elektrodi, uga hujazana kwenye kile chenye namba ndogo. Maji yanajitua mzigo na kumtwika jiwe.

Tuna bahari hapo Raskazone. Si tutumie maji ya chumvi?

Hapana. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme. Maji ya bahari huanza kuvujisha umeme ndani ya chini ya nanosekunde moja, kabla mpigo haujafika hata robo ya njia. Msongo unaporomoka na jiwe halipati kitu. Hata maji ya bomba yana shida yake: yanavujisha ndani ya makumi ya nanosekunde. Maabara hutumia maji yaliyotolewa madini yote, na hata hayo hubadilishwa mara kwa mara, maana jiwe likisagika huyachafua kwa chumvi zake lenyewe.

Karasha zipo kila mahali. Kwa nini tuhangaike na umeme?

Chukua nazi. Unachotaka ni nyama. Ukiitia nazi nzima kwenye kinu ukaitwanga mpaka ikawa unga, umepata nyama, ndiyo, lakini imechanganyika na kifuu kilichosagika, na kuvitenganisha ni adhabu. Mama yeyote wa Pangani anajua kuivunja mara moja kwa mgongo wa panga, kisha nyama aikune kutoka kifuuni ikiwa safi.

Karasha haijui nyama wala kifuu. Inasaga vyote. Ndiyo maana mwamba husagwa hadi unga laini ili chembe ya madini iachane na jiwe lililoishika, na sehemu kubwa ya nishati inayotumika kwenye uchenjuaji, yaani kutenga madini na jiwe, huishia kwenye usagaji huo. Mpigo wa umeme hupendelea mipaka, yaani pale chembe ya madini inapogusana na chembe nyingine. Uga wa umeme hukusanyika hapo, na ufa hupenda kupita hapohapo. Madini yanaachana na jiwe yakiwa makubwa na mazima. Hicho ndicho kinachotafutwa. Kuokoa umeme ni nyongeza tu, tena si mara zote.

Bili ya umeme je?

Tupige hesabu, maana watu huogopa kilovoti bila sababu.

Mpigo mmoja wa mashine ya maabara hubeba hadi jouli 750. Hizo hazikupashii hata chai: kikombe cha robo lita kitapanda joto kwa nyuzi 0.7. Lakini zimwage zote ndani ya mikrosekunde moja, na kwa muda huo mfupi nguvu yake ni megawati 750. Mtambo wa New Pangani Falls una megawati 68. Yaani mpigo ule ni Pangani Falls kumi na moja, kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha kimya.

Kwa bili kinachohesabiwa ni jouli. Kilo moja ya jiwe ikipewa mipigo kumi ya jouli 750 inakula jouli 7,500. Tani moja inakula jouli milioni saba na nusu, sawa na uniti mbili na kidogo. Sijahesabu kinachopotea wakati wa kuchaji. Hizo uniti mbili zinatosha kulidhoofisha jiwe na kulijaza nyufa, si kulifanya unga. Ukitaka unga kwa umeme peke yake, mipigo inakuwa mingi, uniti zinapanda hadi makumi kwa tani, na hapo kinu cha kawaida kinakushinda. Kwa hiyo wanaoichukulia teknolojia hii kwa uzito huipa kazi ya kwanza: umeme upasue, kinu kimalizie.

Sasa wewe kwenye kompyuta unafanya nini hasa?

Ugumu wa kazi ni kwamba kuna saa tatu zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na zote lazima zisomwe.

Saa ya kwanza ni ya umeme, inahesabu nanosekunde. Naanza na ramani ya jiwe: picha ya kipande kilichokatwa na kung'arishwa, au picha za eksirei zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Kila chembe naiambia ni nani: wewe kwatzi, wewe feldispa, wewe pairaiti. Naipa pemitiviti yake na kiasi inachopitisha umeme. Kompyuta inagawa jiwe zima katika vijumba vidogo na kutafuta uga katika kila kijumba.

Baada ya hapo umeme lazima ujitafutie njia, na hapa kuna kamari. Mwaka 1984 wanafizikia watatu, Niemeyer, Pietronero na Wiesmann, walitoa modeli ambayo bado inatumika kwa sura mbalimbali: njia inakua hatua kwa hatua, na kila kijumba cha jirani kina bahati ya kuchaguliwa kulingana na ukubwa wa uga wake. Penye uga mkubwa bahati ni kubwa, lakini si lazima. Unatupa dadu, njia inasogea, unahesabu uga upya, unatupa tena. Matokeo yanafanana na mizizi ya mkoko, au radi yenyewe. Ukirudia kwa jiwe lilelile unapata njia nyingine. Kwa hiyo picha moja haina maana. Narudia mara mia, kisha nasema: kati ya mia, njia ilipita kwenye mpaka wa pairaiti mara ngapi.

Saa ya pili ni ya plazma, inahesabu mikrosekunde. Hapa jiwe linakuwa sehemu ya saketi: kuna kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, kuna waya wenye ukaidi wake wa kubadilisha mkondo, na kuna njia ya plazma ambayo ukinzani wake unaporomoka kadiri inavyopata joto. Hesabu hizi ni rahisi kuziandika na ngumu kuziamini. Ukiweka nishati nyingi mno kwenye njia, jiwe la kompyuta linalipuka kama baruti na unajiona bingwa.

Saa ya tatu ni ya nyufa. Wimbi la shinikizo linasafiri ndani ya mwamba mgumu kwa takriban milimita 5 kila mikrosekunde, kwa hiyo jiwe la sentimita 4 linavukwa kwa mikrosekunde 8. Likifika kwenye uso wa nje linageuka na kurudi, na likirudi linakuwa la kuvuta badala ya kusukuma. Ndipo jiwe linapoachia, kwa nje na kwa ndani, na nyufa zinakutana. Kwa sehemu hii wengine hugawa jiwe katika vipunje vilivyogandishwa pamoja kwa gundi ya kihesabu na kutazama gundi ikikatika. Hesabu ya vipunje, bila gundi, ilitolewa na Cundall na Strack mwaka 1979; gundi iliongezwa baadaye. Mimi naipenda kwa sababu unaweza kuipa gundi ya mipakani udhaifu wake wa pekee.

Utajuaje kama kompyuta haikudanganyi?

Inadanganya kila siku. Mwaka wangu wa kwanza nilipata matokeo ya ajabu: umeme wenye kasi ulikuwa unapita majini, unalikwepa jiwe. Nilikesha siku mbili nikidhani nimegundua jambo. Kumbe pemitiviti ya maji nilikuwa nimeandika 8. Sifuri moja imedondoka.

Tangu hapo sianzi na jiwe. Naanza na gololi. Weka gololi ya chuma ndani ya kihami, weka uga sawasawa kutoka mbali, kisha soma uga pale kwenye ncha ya gololi. Hesabu ya karatasi inasema lazima uwe mara 3 ya uga wa mbali, si 2.6, si 3.5. Badilisha gololi iwe ya kitu chenye pemitiviti 50 ndani ya kwatzi, jibu linakuwa mara 2.5 hivi. Weka tundu la hewa ndani ya kitu chenye pemitiviti 5, uga ndani ya tundu unakuwa mara 1.36. Programu ikishindwa gololi, haina haki ya kukuonyesha picha za rangi za jiwe.

Nasema hili kwa sababu picha za rangi zinavutia. Nimewahi kuonyeshwa moja, nyekundu na buluu, ikimfanya kila mtu mezani aitikie kwa kichwa, na aliyeichora hakujua vijumba vyake vilikuwa na ukubwa gani.

Dhahabu ya Handeni itatoka kwa njia hii?

Wachimbaji huuliza hili kabla hawajakaa. Dhahabu inapitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo chembe yake ndani ya kwatzi ni ile gololi ya chuma niliyoitaja: inauita umeme. Chembe ikiwa bapa au kama sindano, inauita zaidi. Kwa nadharia ni mgonjwa aliyekuja hospitali mwenyewe.

Taabu ni uchache. Chukua mbale, yaani jiwe lenye madini, yenye gramu 5 za dhahabu kwa tani. Dhahabu yote hiyo ni robo ya sentimita moja ya ujazo, imetawanyika ndani ya jiwe la sentimita za ujazo 370,000. Tuseme kila chembe ni kijumba cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Utapata chembe moja katika kila kipande cha jiwe chenye ukubwa wa ncha ya dole gumba. Mipigo yako mingi itapita mahali pasipo na kitu. Ndiyo maana katika uigaji wa mawe ya dhahabu tunaangalia zaidi salfaidi, yaani madini yenye salfa kama pairaiti, ambazo ni nyingi, nazo zinauvuta umeme, na dhahabu mara nyingi imejificha humo au kando yake. Umeme ukiifuata pairaiti, umeifuata dhahabu kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huikamatia dhahabu: kufungua chembe si kuikamata. Ukishapasua kwa umeme bado unahitaji mwalo wa kuoshea dhahabu kwa maji, au sianidi, au njia nyingine ya kuikusanya. Yeyote anayekuuzia mashine ya mipigo kama mbadala wa zebaki peke yake amechanganya hatua mbili.

Na vito vya Umba?

Hapa macho yangu hung'aa. Bonde la mto Umba, kule Mkinga, linajulikana duniani kwa yakuti na ganeti. Ganeti moja ya huko iliitwa "malaya" kwa sababu wanunuzi waliikataa ilipoonekana si rodolaiti, ganeti waliyoizoea; haina ukoo. Leo jina hilo limo katika vitabu vya vito vya nchi za mbali, baadhi ya waandishi wakiliandika "malaia" ili lionekane lina heshima.

Kwenye dhahabu hujali chembe ikipondeka. Kwenye kito, kikipasuka katikati umepoteza zaidi ya nusu ya bei, maana bei ya karati moja hupanda na ukubwa wa jiwe. Kwa hiyo swali la uigaji linageuka: si namna ya kupasua zaidi, bali namna ya kupasua kidogo, nje ya fuwele tu. Uri Andres wa Imperial College, London, alionyesha kwa miaka mingi kuwa fuwele kama zumaridi zinaweza kutolewa kwenye mwamba wake kwa mipigo zikiwa nzima kuliko kwa nyundo. Katika modeli zangu, adui ni nyufa za zamani ndani ya kito chenyewe. Jiwe lenye ufa mdogo uliojaa maji linaweza kuuruhusu umeme uingie katikati ya fuwele, na hapo umeharibu.

Teknolojia hii ni mpya?

Si mpya hata kidogo. Mashine ya kuzalisha mipigo inatumia wazo la Mjerumani Erwin Marx, la mwaka 1924: chaji kapasita nyingi zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, kisha ghafla ziunganishe zikiwa moja juu ya nyingine. Kapasita kumi za kilovoti 20 zinakupa kilovoti 200. Siri ya maji na haraka ilifanyiwa kazi sana huko Tomsk, enzi za Umoja wa Kisovyeti, katikati ya karne iliyopita. Kilichobadilika ni kompyuta.

Ninahitaji kompyuta ya bei gani?

Inategemea uroho wako. Kipande cha sentimita moja, vijumba vya sehemu ya kumi ya milimita, ni vijumba milioni moja; laptopu nzuri inamudu sehemu ya umeme. Kipande cha sentimita tano kwa vijumba hivyohivyo ni milioni 125, na laptopu itazimia. Ukipunguza kijumba kwa nusu, vijumba vinakuwa mara nane, na kwenye sehemu ya mawimbi hatua za muda nazo zinaongezeka mara mbili, kwa hiyo kazi ni mara kumi na sita. Anza na picha bapa, ya pande mbili. Na uweke programu ihifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Umeme ukikatika saa tisa usiku huna wa kumlilia.

Programu za bure zipo: Gmsh kwa kuchora vijumba, FEniCS kwa uga, YADE kwa vipunje na nyufa, na Python ya kuzishikanisha.

Naweza kuunda mashine yenyewe nyumbani?

Usithubutu. Kapasita ya msongo huo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na haimsubiri mtu kukosea mara ya pili. Transfoma ya mashine ya kulehemu haiwezi kutoa mpigo huu, na ukiilazimisha utaumia kwanza.

Hii si radi ya kutumwa?

Nimeulizwa kweli, na aliyeuliza hakuwa akitania, tuko Tanga. Nilimjibu kuwa radi yangu haina nauli ya kutoka kwenye kompyuta. Alicheka, lakini nyumbani kwangu bado haji baada ya magharibi.

Mimi ni mwanafunzi. Nianzie wapi?

Gololi. Ukipata 3, weka gololi mbili zikaribiane, uone uga katikati yake unavyopanda kadiri nafasi inavyopungua. Ukilielewa hilo, okota kokoto ya kwatzi, ipige picha, ichore kwa mkono chembe kwa chembe kwenye kompyuta. Itakuchukua wiki. Ukifika Ngamiani uliza barazani nyumba ya yule wa mawe. Watakuelekeza, na watakuuliza pia kama umekuja kwa ajili ya ile radi.